M Ina Nota Yake

Na Kikundi cha Muziki cha Chama cha Kiswahili

Wengi wetu katika chama hiki tulijifunza nyimbo za Kiswahili kwa masikio. Tulizisikia jikoni, garini, harusini na kanisani, na hakuna aliyetupa karatasi. Anayejifunza wimbo kwa njia hiyo hana haja ya kujiuliza silabi inaishia wapi au pigo linaanzia wapi. Ulimi unajua wenyewe. Kazi huanza pale wimbo huohuo unapotakiwa kuimbwa na watu ambao hawakulelewa nao, hawasemi Kiswahili, na wamezoea kuimba kile tu kilichoandikwa mbele ya macho yao.

Muhula huu kazi hiyo imetufikia. Kwaya ya chuo chetu hapa Uingereza imekubali kuimba wimbo mmoja wa Kiswahili katika onyesho la mwisho wa mwaka, pamoja na fidla mbili, selo, kinanda na ngoma mbili. Tuliuchagua wimbo wa harusi, wa jadi, ambao bibi wa mwenzetu mmoja alikuja nao kutoka Tanga. Bibi aliturekodia kwenye simu mara tatu, na kila mara aliuimba kwa madoido tofauti kidogo. Karatasi hana, na hajawahi kuihitaji. Lakini kwaya itakuwa na mazoezi manne tu, na wapigaji wa ala watakutana na waimbaji mara moja, kwa saa moja na nusu. Siku ya onyesho Bibi atakaa kiti cha mbele. Wimbo wake utakuwa umepita kwenye karatasi zetu kabla ya kumrudia masikioni.

Makala hii inaeleza jinsi tulivyoandaa nota hizo kwa kompyuta. Tumeiandika kwa ajili ya wanachama watakaopenda kufanya kazi kama hii, na kwa walimu wetu pia, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi imegeuka kuwa somo la Kiswahili. Programu za kuandikia nota zinajua mengi kuhusu muziki, ila Kiswahili hazikijui. Sehemu hiyo imebaki kuwa yetu.

Chombo tulichotumia

Programu za kazi hii ziko kadhaa. Sibelius ilitungwa na ndugu mapacha wa Kiingereza, Ben na Jonathan Finn, na ilianza kuuzwa mwaka 1993. Dorico, ya kampuni ya Steinberg, ilitoka mwaka 2016, na waliounda wengi wao walikuwa wamefanya kazi kwenye Sibelius kabla ya hapo. Sisi tulitumia MuseScore kwa sababu ni ya bure, na kila mmoja wetu aliweza kuiweka kwenye kompyuta yake bila kumwomba mtu hela.

Kuingiza nota si kazi ngumu. Unachagua urefu wa nota, unabonyeza herufi yake au mstari wake, na programu inapanga mengine: inageuza shina juu au chini, inahesabu mapigo, inakataa kujaza kipimo kupita kiasi. (Kipimo ni ile nafasi kati ya mistari miwili ya wima.) Ukimaliza, kompyuta inakupigia wimbo wote, na sauti ikiwa sahihi unaweza kudhani umemaliza. Hapo ndipo inafaa kusimama. Kompyuta hukusomea vizuri hata ukurasa uliojaa na kubanana, kwa sababu haina macho. Mwimbaji anayo, na taa za jukwaani si kali, na karatasi iko umbali wa mkono mzima.

Silabi chini ya nota

Katika nyimbo, kila silabi huwekwa chini ya nota yake. Kwenye MuseScore unachagua nota ya kwanza, unabonyeza Ctrl na L, kisha unaandika. Ukibonyeza nafasi, unahamia nota inayofuata kwa neno jipya. Ukibonyeza kistari, unahamia kwa silabi inayofuata ya neno lilelile. Silabi ya mwisho wa neno ikivutwa juu ya nota kadhaa, alama ya mstari wa chini inachora mstari mrefu unaomwambia mwimbaji aendelee kushikilia vokali. Ni hayo matatu tu. Lakini kistari kinawekwa wapi? Programu inakusubiri wewe.

Msomaji wa Kiingereza akipewa neno la Kiswahili hulikata kwa mazoea ya lugha yake. Neno "mambo" atalikata mam-bo, na "panda" pan-da. Akiimba hivyo, atafunga midomo mapema kwenye m na kuinyima vokali muda wake. Sisi tunasema ma-mbo na pa-nda: silabi ya Kiswahili hupenda kuishia kwa vokali, na mb, nd, nj, ng na nz huanza silabi pamoja. Vivyo hivyo ng', ny, ch, sh, dh, th na gh hazigawanywi, kwa kuwa kila moja ni sauti moja iliyoandikwa kwa herufi mbili au zaidi. Ng'ombe ni ng'o-mbe. Maneno yaliyotoka Kiarabu yana silabi zilizofungwa hapa na pale, kama lab-da na mak-ta-ba, na hayo tunayaacha yalivyo.

Vokali mbili zikifuatana, ni silabi mbili. Saa ni sa-a, ua ni u-a, na mauaji ni ma-u-a-ji. Mwimbaji mgeni akiona "saa" bila kistari ataiimba kwa nota moja, na nota ya pili itabaki haina neno.

Kisha kuna m. Katika mtoto, mlango na mkate, m inasimama peke yake na ni silabi kamili: m-to-to, m-la-ngo, m-ka-te. Kwa hiyo inahitaji nota yake. Katika mbali, hapana: m imeungana na b, na neno lina silabi mbili tu, mba-li. Ila usiseme kwamba kila mb ni hivyo. Mbwa ni m-bwa, kwa sababu bila m hiyo neno lingebaki na silabi moja tu. Na mbuni je? Akiwa ndege, ni mbu-ni, silabi mbili. Ukiwa mti wa kahawa, ni m-bu-ni, silabi tatu. Herufi ni zilezile, nota si zilezile. Hata kivumishi kinabadilika kufuata ngeli: mtu m-ba-ya, lakini habari mba-ya. Hakuna programu itakayokuamulia hilo. Anayeamua ni mtu aliyelisikia neno likisemwa.

Tulijadiliana pia jinsi ya kuwaeleza waimbaji waitamke m hiyo. Wenzetu wenye asili ya Kongo wanasema "mutoto" nyumbani, na kwao silabi ya kwanza ina vokali. Wimbo huu ni wa Tanga, kwa hiyo tumeiacha m bila vokali, na kwenye ukurasa wa maelezo tumewaandikia waimbaji: fungeni midomo, imbeni nota hiyo kwa m tupu, msiongeze u wala e. Bibi mwenyewe huiimba kwa nota fupi kabla tu ya pigo, kisha "to" inaangukia pigoni. Tumeiandika hivyohivyo.

Mizani ya washairi

Walimu wetu wa ushairi watafurahi kusikia kwamba njia bora ya kuhakiki maneno chini ya nota tuliipata darasani kwao. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, vipande viwili vya mizani 8, na mshairi huhesabu m ya mtoto kuwa mizani moja kamili. Mwanafunzi aliyewahi kuhesabu mizani kwa vidole ameshaweza nusu ya kazi ya mwandishi wa nota.

Chukueni kipande hiki tulichokitunga kwa mfano: "mtoto mwema mtii". Kwa hesabu ya Kiswahili ni m-to-to-mwe-ma-m-ti-i, mizani 8. Mtu asiyejua Kiswahili ataandika mto-to mwe-ma mtii, mizani 5. Kama muziki una nota 8, nota tatu zimekosa neno, na kila mwimbaji atazijaza kwa namna yake. Kwa hiyo tulipomaliza kila kipande tulihesabu mara mbili: mizani za maneno upande mmoja, nota upande wa pili, tukitoa zile zinazovuta silabi moja. Hesabu zikikubaliana, tunaendelea. Zisipokubaliana, mara nyingi anayetafutwa ni m.

Jambo la pili ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mkazo huhama neno likirefuka: kiTAbu, kitaBUni. Mkazo unaweza hata kubadilisha maana. Barabara yenye mkazo kwenye "ba" ya pili kutoka mwisho ni njia ya magari. Mkazo ukirudi nyuma silabi moja, maana yake ni sawasawa kabisa. Wimbo una haki ya kuchezea mkazo, na nyimbo za jadi hufanya hivyo sana. Lakini mwandishi wa nota asiongeze alama za msisitizo mahali ambapo Bibi hakusisitiza.

Pigo lionekane

Wimbo wetu una mapigo mawili makubwa katika kila kipimo, na kila pigo linagawanyika mara tatu. Kwa hiyo tuliuandika kwa 6/8. Nota sita fupi za kipimo hicho zinaweza kuunganishwa mikia tatu tatu, na jicho linaona mapigo mawili. Zikiunganishwa mbili mbili, jicho linaona mapigo matatu, yaani 3/4, hata kama muda wote ni uleule. Programu hupanga yenyewe ukiiambia mapema kwamba ni 6/8. Ukianza kwa 3/4 na kubadilisha baadaye, kagua mikia yote.

Ngoma ya pili inagonga tatu wakati waimbaji wanahesabu mbili. Utamu wa wimbo uko hapo. Hata hivyo sehemu ya ngoma hiyo tuliiandika ndani ya 6/8 ileile, ili mpigaji akipotea aone mara moja pigo kubwa liko wapi.

Kila mtu na karatasi yake

Mwongozaji anahitaji karatasi yenye sauti zote. Waimbaji wanahitaji sauti zote nne na kinanda, ili wasikie wanakoingilia. Mpiga fidla anahitaji fidla yake tu. MuseScore inatoa karatasi ya kila ala kutoka kwenye ile kubwa, na ukisahihisha nota huku inajisahihisha kule. Hiyo ni neema, lakini haimaanishi kwamba karatasi ziko tayari kuchapwa. Kila moja inapaswa kufunguliwa na kupangwa kivyake.

Ukubwa kwanza. Kwa wapigaji tuliweka mistari mitano iwe na kimo cha kati ya milimita 7 na 8, kwa sababu wapiga fidla wawili hugawana kisimamio kimoja. Waimbaji wanashika karatasi mkononi, kwa hiyo kwao inaweza kuwa ndogo zaidi, mradi maneno yasomeke.

Pili, kugeuza ukurasa. Mpiga selo ana mikono miwili na yote ina kazi. Tulipanga mistari ili mwisho wa ukurasa wa kulia uangukie kwenye pumziko. Mahali ambapo haikuwezekana, tuliacha nafasi tupu chini ya ukurasa na kuanza upya juu ya unaofuata. Karatasi haimdai mtu kujaza kila sentimita.

Tatu, njia ya kuelekezana mazoezini. Kila mstari unaanza kwa namba ya kipimo, na kila sehemu mpya ya wimbo ina herufi kubwa ndani ya kisanduku: A, B, C. Mwongozaji akisema "tuanze C", watu wote, pamoja na ngoma, wanajua. Mpigaji anayepumzika vipimo 12 haandikiwi vipimo 12 vitupu. Anaandikiwa mstari mmoja mnene wenye namba 12 juu yake. Lakini ikiwa herufi C iko katikati ya pumziko hilo, pumziko linakatwa hapo, kwa mfano 8 na 4, la sivyo C haitakuwepo kwenye karatasi yake. Na kabla hajaingia tena, tunamwekea kwa nota ndogo kipande cha mwisho cha mtoa wimbo, pamoja na maneno yake, ili asitegemee kuhesabu peke yake.

Nne, kiitikio. Wimbo wa harusi ni wa kutoa na kuitikia, na kiitikio kinarudi mara nyingi. Ingekuwa rahisi kukiandika mara moja na kuweka alama za kuruka nyuma, kisha mbele, kisha mwisho. Tuliamua kukiandika kizima kila kinaporudi. Karatasi zimeongezeka mbili, lakini hakuna atakayeruka kwenda mahali pasipo pake akisoma maneno ya lugha asiyoijua.

D, r, m kwa wazazi

Wazazi wetu kadhaa watapanda jukwaani kuitikia. Wengi wao waliimba kwaya Afrika Mashariki na wanasoma muziki kwa herufi: d, r, m, f, s, l, t. Njia hiyo ilizaliwa hapahapa Uingereza katika karne ya 19. Sarah Glover wa Norwich aliianzisha, mchungaji John Curwen akaiendeleza na kuieneza, na wamisionari wakaipeleka mbali. Kwaya nyingi za Kenya na Tanzania bado zinaitumia. Sasa imerudi Uingereza ndani ya vichwa vya wazazi wetu.

Kuwaandalia karatasi yao hakukuhitaji programu nyingine. Tuliingiza herufi za d, r, m kama ubeti wa ziada chini ya nota, tukauweka juu ya maneno. Mama mmoja alipoipokea aliimba kiitikio chote palepale, akasema, "Hii sasa ni karatasi ya watu."

Ambayo hatukuyaandika

Bibi aliimba mara tatu, na mara tatu hazifanani. Tuifuate ipi? Tuliamua hivi: nota zilizopatikana katika rekodi zote tatu tuliziandika kwa ukubwa wa kawaida, kwa maana hizo ndizo mifupa ya wimbo. Madoido tuliyaacha nje, isipokuwa mstari mmoja tulioandika kwa nota ndogo juu ya sehemu ya mtoa wimbo, na kando yake maneno: "mfano tu, mwimbaji ana uhuru". Nota zinazoandika kila mtetemo wa sauti huwa nzito kusoma, na humfanya mwimbaji aige siku moja ya Bibi badala ya kuimba wimbo wake.

Wanaofikiria kuandika taarabu watakutana na swali la ziada. Katika makamu kama Rasti, baadhi ya sauti hukaa katikati ya vitufe vya kinanda. Programu ina alama ya kushusha kwa robo tu, ile ya kushusha ya kawaida iliyokatwa kwa kistari, lakini iko mbali kidogo kwenye orodha za alama. Ukiitumia, ieleze juu ya ukurasa wa kwanza, kwa sababu wapigaji wengi wa hapa hawajawahi kuiona.

Juu ya ukurasa wa kwanza tumeandika "Wimbo wa jadi, Tanga", kisha jina la Bibi kama mwimbaji tuliyempokea wimbo kwake, baada ya kumwomba ruhusa. Majina yetu yako chini, kwa herufi ndogo.

Kabla ya kuchapa

Kwa atakayefuata baada yetu, haya ndiyo tunayokagua:

1. Mizani na nota zinalingana katika kila kipande.
2. Kila m inayosimama peke yake ina nota na kistari chake.
3. Namba za vipimo na herufi za mazoezi ni zilezile kwenye karatasi zote.
4. Hakuna maneno yanayogusana na nota, wala alama za sauti kubwa na ndogo zilizolala juu ya maneno.
5. Kurasa zinageuzwa kwenye pumziko.
6. Mtu asiyeujua wimbo wala lugha ameimba ukurasa mzima kutoka kwenye karatasi iliyochapwa. Palipomfanya asite, panapangwa upya.
7. Faili limehifadhiwa kwa namna tatu: la programu yenyewe, la PDF na la MusicXML.

Hilo la mwisho linahitaji neno. Finale ilianza mwaka 1988 na watunzi wengi waliitegemea. Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic ilitangaza kwamba haitaiendeleza tena, na waliohifadhi kazi zao kwa faili za Finale pekee wakaanza kutafuta njia ya kuzihamisha. MusicXML ni aina ya faili inayofunguka kwenye programu nyingi, na PDF inachapika hata kama programu zote zimekufa. Wimbo uliovuka bahari kichwani mwa mtu mmoja usije ukafungiwa ndani ya programu moja.

Nakala tumeziweka kwenye kabati la chama na kwenye hifadhi yetu ya pamoja, na Bibi amepewa yake, iliyochapwa kwa maandishi makubwa. Tunawaomba wanachama waulize nyumbani: nani ana wimbo ambao haujaandikwa? Leteni rekodi, hata ya simu, hata yenye kelele za vyombo. Na walimu wetu tunawaomba jambo moja: tukiwaletea ukurasa, msituangalizie nota. Tuangalizieni silabi.